Mwaka Ambao Nchi Haikugawanyika

Baba mdogo alikufa mwezi uliopita, kitandani kwake, ameshiba, na mji ukaja kumlilia. Mimi pia nilikwenda. Ni mdogo wa baba yangu, na kwetu mtu haachi kilio cha mzee wake hata akiwa na sababu za kutosha. Nilikaa upande wa jikoni, nyuma ya nyumba yake ya mtaa wa Kimanga, hapa Uvira, nikitwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja na wanawake wengine. Upande wa pili wa turubai vijana walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakibishana. Vita vilikuwa vimepita tena kwenye barabara yetu, askari wa barieri, vile vizuizi vya barabarani, walikuwa wamebadilika na kubadilika tena, na kila kijana alikuwa na la kusema kuhusu upande wetu huu wa mashariki: utabaki ndani ya Kongo au utatoka.

"Raisi akibadilika tu, hii upande inaenda," mmoja alisema. "Ule mwenye atakuja atakuwa angali mupya. Atawaachia, ili apate usingizi."

"Hapana. Mupya ndiye anashika zaidi. Anaogopa waseme yeye ndiye alipoteza inchi."

"Bon, tukienda, weye utakuwa nani kule? Minista?"

"Minista wa ndakala."

Walicheka. Ndakala ni dagaa wetu wa ziwani. Mimi niliendelea kutwanga. Maneno hayo niliyasikia nikiwa msichana wa miaka kumi na minane, katika nyumba hiyohiyo, yakitoka kinywani mwa huyo aliyelala sasa ndani ya jeneza lenye vishikio vya rangi ya dhahabu. Kisha mchungaji akasimama na kipaza sauti akasema kwamba marehemu alikuwa mtu wa umoja, na kwamba katika miaka ile mibaya hakukubali hata siku moja nchi hii igawanywe. Watu wakaitikia amina. Mwanawe mkubwa akaja jikoni, akainama karibu na kinu, akaniita yaya, kama kwetu mdogo anavyomwita dada mkubwa: "Yaya Sifa, tunaomba useme neno moja kwa ajili ya watoto wa kaka yake. Useme namna aliwalea." Nilimwambia mikono yangu ina sombe. Akaelewa, akaenda kumwomba mtu mwingine.

Jioni Bahati alipiga simu. Bahati ndiye anayenifuata kuzaliwa. Anaishi ng'ambo ya mto Rusizi, katika nchi jirani, ana mke wa kule, watoto wa kule na kitambulisho cha kule, na siku hizi mwenye kitambulisho kile hawezi kuja kuketi kwenye kilio Uvira akarudi salama. Wangemwita jasusi kabla hajavua viatu. "Wamemuzika?" aliuliza. Nikasema wamemzika. "Walisema nini?" Nilimwambia maneno ya mchungaji. Akasema, kwa Kiswahili chake ambacho sasa kina lafudhi, "Minye nilitaka tu kuona kaburi." Nilikata simu, na nililobaki nalo halikuwa huzuni. Hasira hii ni ya mwaka mmoja tu katika maisha yangu. Nimeibeba zaidi ya miaka ishirini bila kuiandika kwa sababu mwenyewe alikuwa hai na ningeweza kumpelekea mlangoni siku yoyote. Sasa hayupo, na naogopa watu wataimaliza kwa kumsamehe kwa niaba yangu.

Sitaanza na babu wala asili ya ukoo. Inatosha kujua kwamba mwaka ule ulipoanza tulikuwa wanne: mimi, Bahati wa miaka kumi na minne, Neema wa miaka tisa, na Amani ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yanang'oka. Baba alikuwa amekufa zamani, na mama alikufa kwa kipindupindu mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimeacha shule nikachukua mahali pa mama ufukweni mwa ziwa, mtaa wa Mulongwe: asubuhi nanunua ndakala kwa wavuvi, nazitandaza mchangani, nazigeuza, nazikimbiza mvua ikija, na visamaki hivyo vikikauka navipeleka sokoni. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili vya matofali mabichi, na bati lilikuwa limetoboka juu ya kitanda cha wavulana. Kitu kimoja tu nilikitaka mwaka ule, na nilikitaka kwa ukaidi wa mtu asiye na kingine: tulale sisi wanne chini ya bati lile. Si jambo dogo. Kila aliyekuja kutupa pole aliondoka akiwa ameshamchagua mtoto wa kuchukua. Huyu atanisaidia kuteka maji, yule atachunga duka. Walitutazama kama watu wanaotazama vyombo vya marehemu.

Nchi nayo ilikuwa imekatika. Magharibi ilikuwa ya raisi wa Kinshasa. Mashariki, na sisi ndani yake, ilikuwa ya waasi na majeshi ya nchi jirani yaliyowasindikiza, na milimani juu yetu kulikuwa na vijana waliopigana nao, kwa hiyo kuni tulizifuata kwa woga. Redioni wakubwa wa waasi walisema wanapigania Kongo moja. Saloni, yaani sebuleni, kwa Baba mdogo walisema mengine. Alikuwa karani katika biro yao, ofisi ya waasi pale mjini, na kila Jumapili baada ya kanisa tulikwenda kula kwake. Naiona bado saloni ile: viti vikubwa vilivyofunikwa vitambaa vya kusuka, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea, saa iliyosimama, na ukutani msumari mtupu mahali ambapo picha ya raisi iliondolewa waasi walipoingia. Wanaume walikula mezani, samaki mukeke wa kukaanga na ndizi. Sisi tulikula kwenye mkeka mlangoni mwa korido, bugali na vichwa vya samaki, na mazungumzo yao yalitufikia pamoja na mifupa.

Mgeni wa kila Jumapili alikuwa mtu mnene wa sauti laini, mkubwa wa Baba mdogo pale biro, ambaye kila mtu alimwita Shefu. "Kufika Kinshasa unaomba ndege," alipenda kusema. "Kufika Bujumbura unaomba baiskeli. Sasa mutu wa akili anaenda kuoa wapi?"

"Weye ulioa wapi, Shefu?" mtu alimwuliza siku moja.

"Kwetu kijijini. Ndiyo sababu niko na taabu."

Walicheka hadi sahani zikatikisika. Baba mdogo alisubiri wamalize, akafuta vidole, akasema kwa utulivu wa mtu anayeeleza hali ya hewa: "Kizuizi ni ule muzee. Hatasaini kitu mupaka kufa. Lakini siku akitoka, mwenye atakuja atatafuta amani mbio mbio, na amani bei yake ni sisi. Atatuachia. Kila mutu ajitayarishe." Sikumchukia siku ile. Nilidhani ni maneno ya wanaume walioshiba. Sikujua kwamba mwenzetu alikuwa tayari anagawa vitu, na kwamba sisi tulikuwa miongoni mwa vitu hivyo.

Mwezi wa kwanza haujaisha, redio za ng'ambo zikasema raisi amepigwa risasi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Siku chache baadaye zikasema amekufa kweli, na kijana amewekwa mahali pake, kijana ambaye hata sauti yake hatukuwahi kuisikia. Mitaani kwetu askari walizunguka na amri moja: hakuna kilio. Nataka nieleweke hapa. Wengi wetu hatukumpenda yule mzee. Sokoni wanawake walikuwa wakimtukana kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Lakini alikuwa amekufa akiwa raisi wa Kongo, na kumlilia kulikuwa njia pekee iliyobaki ya kusema kwamba sisi pia ni Kongo. Na kilio kilikuwa kimekatazwa.

Asubuhi moja Mama Riziki, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja akasimama mlangoni na bakuli tupu, kama anayekuja kuomba chumvi. "Weye Sifa, kilio cha mama yako unakiondoa lini?"

"Jumamosi, Mama."

"Hii Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Bon. Tutakuja," alisema, akaondoka bila chumvi.

Kwetu mwaka wa msiba unapofika mwisho, watoto wa marehemu wananyolewa, nguo za msiba zinawekwa kando, na watu wanakula. Kula ndiyo kazi yenyewe. Mnakula, mnakunywa, mnasimulia vituko vya marehemu, mnacheka, na kwa kucheka kule mnamwachilia aende. Nilikuwa nimejinyima miezi mingi kwa ajili ya siku ile. Nilipika wali, sombe ya mawese, samaki wawili wakubwa, na pombe ya ndizi ikaja kutoka kwa binamu wa mama wa Lemera, aliyeshuka nayo kichwani kutoka milimani. Niliwategemea majirani wachache na watu wa kwaya yake. Ilikuja mitaa mizima. Wanawake waliingia mmoja mmoja, kimya, wakaketi chini kwenye udongo na si kwenye mikeka, wamefunga vitenge kiunoni kama siku ya kuzika, wakajaza kiwanja chetu, wakajaza cha Mama Riziki, wakafika barabarani. Mzee wa kwaya alipotunyoa sisi wanne, wanawake wakasogea wakaomba wembe. Walinyoana. Halafu wakaanza kulia, kilio cha chini, cha kufunga midomo. Hakuna aliyetamka jina la mama yangu.

Na hawakula. Nilizunguka na sahani. "Mama, kula." "Asante, mwanangu." Akishika sahani, anaiweka chini. "Mama Riziki, tafadhali. Ni cha mama." Aliniangalia kwa macho mekundu akasema, "Leo haiwezekani kula, unaelewa." Nilielewa vizuri sana. Wali ulipoa, mafuta ya mawese yakaganda juu ya sombe, na Amani akaniuliza kwa sauti kubwa kwa nini watu hawacheki kama nilivyomwambia watacheka. Waliondoka jua likishuka, wamefanya walichokuja kufanya, na mama yangu akabaki palepale alipokuwa mwaka mzima. Mji ulikuwa umelilia nchi juu ya mkeka wake. Watu wakisikia kisa hiki huniambia ulikuwa ushujaa. Ulikuwa ushujaa, sikatai. Nami nilikuwa na vyungu vinne vya chakula kilichopoa.

Vichwa vilivyonyolewa havifichiki. Jumatatu sokoni kila meza ya pili ilikuwa na kichwa kinachong'aa, na kabla ya mchana Shefu alifika kwetu kwa gari, na Baba mdogo pembeni yake akitoka jasho. Nyuma yao walisimama askari wawili. Wanawake wa jirani walitoka kwenye milango yao na vichwa vyao vile, wakasimama.

"Sema mbele ya Shefu," Baba mdogo aliniambia. "Nyinyi muliondoa kilio cha mama yenu. Hawa wengine walikuja kulia nani?"

Ukweli ulikuwa mdogo na rahisi. Ningesema: sisi wanne tulimlilia mama, hao wengine sijui. Baba mdogo angepumua, Shefu angetuitikia kwa kichwa, na wale askari wangeenda nyumba kwa nyumba. Mama Riziki alikuwa akinitazama juu ya ukuta. Nilimchukia wakati ule, na wenzake wote. Nikasema, "Walimlilia mama."

"Wote?" Shefu aliuliza.

"Wote."

"Mama yako alikuwa nani?"

"Alikuwa anauza ndakala."

Shefu alizungusha macho yake juu ya vichwa vile, mtaa mzima, akaanza kucheka kwa ile sauti yake laini. "Basi huyu mama alipata watu kupita raisi," alisema, akarudi garini. Askari wakamfuata. Baba mdogo hakucheka. Alinikaribia, akasema polepole ili wengine wasisikie: "Umenivua nguo mbele ya mukubwa wangu. Bado uko mutoto. Sasa nitakuonesha mukubwa wa familia ni nani."

Jumapili iliyofuata alituonesha. Safari hii tuliitwa mezani, na nilipoona viti vinne vimewekwa kwa ajili yetu nilijua kuna jambo. Alitugawa kati ya supu na wali. Bahati angekwenda shule ya bweni ng'ambo ya Rusizi, kwa sababu hapa diploma karibuni haitakuwa na thamani. Neema angekwenda kwa dada wa mke wake, mjini Kamanyola, kwenye duka. Amani angepanda Lemera kwa binamu wa mama. Mimi ningehamia jikoni kwake. Nyumba ya Mulongwe ingepangishwa. "Si roho mubaya," alisema. "Ni akili. Ule muzee amekufa. Huyu wamemuweka ni mutoto, hata ndevu hana. Watamupa kalamu, atasaini. Mwaka kesho hapa itakuwa inchi ingine, na minye sitaki watoto wa kaka yangu wakamatwe upande mubaya."

"Na asiposaini?" nilimwuliza.

Mke wake aliacha kutafuna. "Sifa, unajibishana na nani?"

"Ninauliza tu, Mama Mudogo. Asiposaini, atatukusanya tena?"

"Atasaini," Baba mdogo alisema. Ulikuwa ni wali mtamu, wenye karoti, na Amani alikuwa hajamaliza, lakini nilimshika mkono nikamwinua, nikawaambia wengine wainuke, tukatoka. Bahati alikuja wa mwisho. Mlangoni aligeuka akaitazama ile meza, na nilikosea kudhani anatazama chakula.

Miezi ile mambo hayakwenda kama alivyotabiri. Yule kijana hakusaini. Alifungua mazungumzo ambayo mzee alikuwa ameyafunga, akapanda ndege akaenda kwa Wazungu, akapokelewa vizuri, na majeshi ya jirani yakaanza kuulizwa yatatoka lini. Ufukweni tulisikia sauti yake redioni, anaongea Kiswahili cha polepole, na wavuvi waliacha nyavu wakasikiliza. Mtu ambaye hakuna aliyemjua aliikaza kamba ambayo wote tuliambiwa ataiachia. Lakini Baba mdogo alikuwa ameshasema mbele ya Shefu kwamba atasaini, na mtu wa namna ile hawezi kungoja nchi imsahihishe. Mimi nilikataa, na Neema na Amani walibaki kwa sababu walinishika sketi. Bahati hakuhitaji kushikwa wala kuvutwa. Alihitaji kuahidiwa tu. Baada ya shule alianza kupitia Kimanga, akarudi na viatu.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa tisa nilikuwa ufukweni nageuza ndakala wakati Neema alipokuja akikimbia. "Yaya, Baba Mudogo anaenda na Bahati." Niliacha kila kitu mchangani, nikapanda baiskeli ya kijana aliyebeba watu, nikamwambia Kavimvira, kwenye barieri ya kutokea mjini, mbio. Gari la biro lilikuwa limesimama barieri, askari wanakagua viti vya nyuma. Bahati alikaa dirishani, kichwa chake kimenyolewa upya kwa ajili ya shule, shati jipya limekunjwa kwa mistari ya dukani.

"Shuka," nilimwambia.

"Yaya, kule iko shule yenye vioo kwenye madirisha."

"Shuka, Bahati."

"Baba Mudogo anasema mwaka kesho hapa tutakuwa inchi ingine. Diploma ya Kongo itakuwa karatasi ya kufungia karanga."

"Na Amani atalala na nani? Unajua bila weye halali."

Uso wake ulilegea. Alikuwa mtoto. "Nitarudi Noeli," alisema.

Baba mdogo, kwenye kiti cha mbele, hakugeuza shingo. "Sifa, toka barabarani. Unatia haya familia."

"Familia gani?" nilimwuliza. "Ya ndani ya gari ama ya nje?"

Alipandisha kioo. Askari akainua mti wa barieri. Wabadilisha fedha na wanawake wa kuvuka mpaka waliokuwa wamekaa pale walitazama pembeni, kama mtu anavyotazama pembeni mlevi akianguka, na gari likaondoka kuelekea uwandani, Kiliba, Sange, kisha Kamanyola na daraja la kuvukia Rusizi. Niliporudi ufukweni mvua ilikuwa imenyesha juu ya ndakala zangu na bata walikuwa wanazidonoa.

Jioni nilikwenda kwa Mama Riziki. Sikwenda kulia. Nilimwomba yeye na wenzake waende nami Kimanga, tukae chini kiwanjani kwa Baba mdogo kama walivyokaa kwangu, mpaka amrudishe mtoto. Walijua kukaa, niliwaona. Alinipa kiti, akanipa chai. "Mwanangu, hiyo ni ya familia," alisema. "Sisi tutaingia namna gani?"

"Kilio cha raisi hakikuwa cha familia yangu, na muliingia."

"Unazungumuza vibaya."

"Ninazungumuza vizuri, Mama. Ni chai yako ndiyo iko baridi."

Hatukusalimiana tena mpaka mwaka ukaisha. Baadaye tulisalimiana, tulisaidiana, nilimzika. Lakini wanawake waliokuwa tayari kukamatwa ili nchi isikatwe hawakuweza kutembea hadi Kimanga kwa ajili ya watoto wanne, na mimi ndiye niliyesema walimlilia mama. Nimejaribu kulielewa jambo hilo kwa upole wa utu uzima. Sijaweza.

Noeli ilipokaribia na Bahati hajaonekana, nilikwenda Kimanga peke yangu. Saloni ilikuwa imebadilika kidogo. Shefu alikuwa hafiki tena Jumapili. Ukutani msumari ulikuwa bado mtupu, lakini ndani ya kabati la vioo, nyuma ya vikombe, niliona picha ndogo ya yule kijana wa Kinshasa, imekatwa gazetini na kubandikwa kwenye kadi. Haikuwa imeonyeshwa, na haikuwa imefichwa. Ilikuwa inangoja. Waasi na Kinshasa walipounda serikali moja baadaye, picha kubwa ilipanda msumarini siku ileile, na Baba mdogo akapata biro kubwa kuliko ya kwanza.

"Baba Mudogo," nilisema, "ule kijana hakusaini. Inchi itabaki moja, hata redio inasema. Basi sababu imekwisha. Turudishie Bahati."

Alinitazama kwa mshangao ambao ninaapa ulikuwa wa kweli. "Sababu gani?"

"Ulisema hapa itakuwa inchi ingine."

"Minye?" Alimgeukia mke wake. "Minye nilisema vile?" Mke wake akatazama vikombe. "Sifa, chunga mudomo wako. Maneno kama yale yanaweza kufungisha mutu. Minye sijawahi kukubali Kongo igawanyike, hata siku moja. Mutoto yuko shuleni, anasoma vizuri. Unataka nimutoe katikati ya mwaka kwa sababu ya wivu?"

Ndiyo maneno aliyoyarudia mchungaji juu ya jeneza, na yalianzia hapo.

Nilimtumia Bahati neno kupitia mwanamke mmoja aliyevusha mchele mpakani, na baada ya Noeli nikapanda lori hadi Kamanyola. Bahati alikuja kwenye daraja akiwa na sare ya kijani, amerefuka, nywele zimeota. Alinisalimu kwa mkono, kama mgeni, kisha akakumbuka akanikumbatia. Alinieleza kuhusu kitanda chake cha chuma, kuhusu mwalimu wa hesabu, kuhusu lugha ambayo sasa aliiota usiku. Nikamwambia turudi, gari lipo.

"Nikirudi nitaingia darasa gani?" aliuliza. "Hapo masomo ni ingine kabisa. Nitaanzia nyuma na watoto."

"Utaanzia nyuma. Sisi wote tulianzia nyuma."

"Kule wananiita Mukongomani," alisema, akitazama maji. "Ndiyo jina langu, hawasemi Bahati. Nikirudi, na hapa mutaanza kuniita mutu wa kule. Shauri yangu haina dawa, Yaya. Wacha nimalize."

Sikumvuta. Ningeweza, nilikuwa na nguvu za kubeba magunia. Nilimpa ndakala nilizomletea, akanusa kifurushi, akacheka, akavuka. Upande wa pili aligeuka akapunga mkono, na wenzake wenye sare kama yake wakamzunguka.

Nilifika nyumbani Neema akiwa amepika. Amani alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma yangu, barabarani. Neema alikuwa amechutama kwenye mafiga, anakata samaki, na alikuwa ameshamkata vipande vitatu. Nilichukua kisu mkononi mwake, nikakata kile kikubwa katikati, vikawa vinne.